Karatasi Ililiwa, Wimbo Ukabaki

Mhadhara kwa walimu na wanafunzi wa fasihi, Moshi

Mwenyekiti, wakubwa zangu shikamooni, wanangu hamjambo. Wanaonifahamu wanajua nitakachosema, maana nimekisema hadi nimewachosha: acheni kuyasoma mashairi ya watumwa waliotoroka kama kufuli zenye ufunguo mmoja. Mto ni hiki, nyota ni kile, Kanaani ni Kanada, tumemaliza, twendeni tukale. Hatujamaliza!

Mchukueni Frederick Douglass, mtumwa wa Marekani aliyekuja kuwa mwandishi. Mwaka 1836, huko Maryland, yeye na wenzake walipanga kutoroka kwa mtumbwi kupitia Ghuba ya Chesapeake, Jumamosi usiku kabla ya Pasaka. Siku zile za kujiandaa wakawa wanaimba kwamba wanaelekea Kanaani. Katika kitabu chake cha 1855 anaeleza kuwa msikilizaji makini angeweza kushtuka kwamba mle ndani mna zaidi ya tumaini la mbinguni, kwani Kanaani yao ilikuwa kaskazini. Hapo mwanafunzi anarukia: "Si umeona, mwalimu! Kanaani ni kaskazini!" Tulia, mwanangu, hujamaliza ukurasa. Palepale anataja wimbo mwingine. Vinywani mwa baadhi ya watu, anasema, ulimaanisha kuitwa upesi kwenye ulimwengu wa roho. Vinywani mwa kundi lake, kwenda upesi jimbo lisilo na utumwa. Wimbo ni uleule. Aliyeimba ndiye aliyejua anakwenda wapi.

Sasa tazameni kilichofuata. Douglass alikuwa amewaandikia wenzake vibali vya uongo vya kwenda Baltimore. Siri ikavuja, wakakamatwa. Mwenzake mmoja, Henry Harris, akagoma kufungwa kamba, bastola zikamwelekea, na katika vurugu ile Douglass akakitupa kibali chake motoni. Njiani, wakiwa wamefungwa, Henry akamuuliza: changu nikifanyeje? Akajibiwa akitafune pamoja na mkate wake, wala asikiri lolote.

Karatasi ikabidi iliwe. Wimbo je? Nani angeuchomoa mfukoni mwa mtu akasema, "Ushahidi huu hapa"? Ulikuwa kweli wimbo wa mbinguni, na waliouimba kwa ajili ya mbinguni tu walikuwepo. Kwa hiyo ukiifuta mbingu ukabakiza ramani ya kutorokea, umewavua watu wale kinga yao. Ukiifuta ramani ukabakiza mbingu, umesikia kile tu ambacho bwana wao alipenda kusikia.

Namwona mtu ananikodolea macho: "Mtihani unataka jibu moja." Mtihani unataka hoja, ndugu yangu, na hoja inaweza kubeba maana mbili bila kuvunjika mgongo. Tena usijifanye mgeni wa mambo haya. Mama anapita mlangoni kwa jirani na kanga yenye jina kali, jirani anafoka, "Unanisema mimi?" Jibu unalijua: "Nikuseme wewe kwa lipi? Nimenunua kanga sokoni." Fumbo mfumbie mjinga!

Niharakishe, mwenyekiti ameanza kutazama saa. Ule wimbo wa kufuata kibuyu, yaani kundi la nyota linaloelekeza kaskazini, ulichapishwa kwa mara ya kwanza 1928, zaidi ya miaka 60 baada ya utumwa kukomeshwa Marekani mwaka 1865. Sisemi haukuimbwa. Nasema usiugeuze ramani kamili kisha ukawapa watoto waikariri. Na kuna mwalimu aliyewatoa wanafunzi nje usiku wakaitafute Nyota ya Kaskazini. Hapa Moshi! Tuko kusini mwa ikweta, nyota hiyo haichomozi kwetu, na hata ingechomoza, kaskazini yetu imezibwa na Mlima.

Mtaniambia: na Harriet Tubman, mtumwa mwingine wa Marekani? Alitoroka 1849, akarudi mara zipatazo 13 kuwatoa watu wapatao 70, na alisimulia jinsi alivyoimba kuwajulisha waliojificha kama njia ni salama. Sawa, hapo ishara ilikuwa ishara, sibishi. Tunajua kwa sababu mwenyewe kasema. Niletee ushahidi wa namna hiyo kwa kila shairi nami nitanyamaza.

Watoro wetu wenyewe, wale wa Fuladoyo, makazi ya watumwa waliotoroka nyuma ya pwani ya Kenya, nilikuwa nimewaandalia kurasa kadhaa. Basi, nazifunga, muda umekwisha.

Maswali. Aanze mwalimu wa pale dirishani, anayetikisa kichwa tangu nilipokitaja kibuyu.