Duka chini, nyumba juu: Mtaa wa Gizenga unavyobadilika

Mabibi na mabwana, tuanze na mlango. Duka la zamani la Mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe wa Unguja, halikuwa na kioo. Lilikuwa na mbao nyembamba za kukunja. Zikifunguliwa, duka zima liko wazi mtaani, na familia inaishi ghorofani. Kati ya mlango na mlango hubaki nguzo ya ukuta. Nguzo hiyo ndiyo iliyobeba ukuta wa juu.

Leo duka likigeuka la vinyago na vitambaa vya watalii, mpangaji anataka kioo kipana, na nguzo inabomolewa. Ukuta huu ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita au zaidi, hauna nondo ndani. Nguzo ikitoka bila egemeo, ufa hupanda mshazari mpaka dirisha la juu.

Lakini kinachoua nyumba nyingi zaidi ni lipu ya saruji, nayo husifiwa kwa kuwa ngumu na safi. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini, na lipu ya chokaa huyaacha yatoke. Saruji huyafungia. Maji hupanda juu zaidi, chumvi inachanua, chokaa ya ndani inageuka unga. Yakifika kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani, mti unaoza mahali usipoonekana. Boriti ni za mkoko, kwa kawaida hazizidi mita tatu, ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba. Juu yake pana mawe na chokaa. Mtu akiongeza zege na bafu la wageni, dari linaanza kupinda.

Dawa yake ni ya subira. Egemeza dari kwanza. Chokoa saruji kwa patasi, polepole, usiyalegeze mawe. Acha ukuta ukauke. Wiki chache hazitoshi kwa ukuta mnene. Choma kila kichwa cha boriti kwa msumari: ukizama kirahisi, boriti hiyo ibadilishwe. Kisha piga lipu ya chokaa iliyolowekwa vizuri, sehemu moja kwa tatu za mchanga uliooshwa chumvi, tabaka jembamba jembamba. Funika kwa magunia yenye unyevu, maana jua likiikausha haraka hupasuka.

Na kabla ya patasi kugusa ukuta, kibali kichukuliwe Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Milango ya zamani ikitolewa, isiuzwe kuni: mbao zake zipewe namba kwa chaki, zirudi mahali pake.