Kiuno si basen

Ndugu zangu, kabla hatujagusa mfupa, nigombane kwanza na neno. Motari, yaani dereva wa pikipiki, akianguka kwenye mteremko wa Kadutu, Bukavu, watu wanalia: "Amevunjika kiuno!" Sekuristi, mtoa huduma ya kwanza, anafika na kikwembe, kitambaa cha kitenge, anasikia kiuno, anafunga kiuno. Kiuno ni mahali pa mkanda, mbele yake kuna tumbo tu. Kilichovunjika ni basen, yaani pete ya mifupa ya nyonga, na pa kuifungia ni chini zaidi kuliko wengi wenu mnavyofikiri.

Mifupa mnaijua: miwili ya pembeni, sakrumu nyuma, mwisho wa uti wa mgongo, na koksi, kifupa cha mkia, ambayo katika somo la leo hatutaigusa. Kila mfupa wa pembeni ulikuwa mitatu: ilioni juu, iskioni mnayoikalia sasa hivi, pubisi mbele. Inakutana ndani ya kikombe kinachopokea kichwa cha mfupa wa paja. Kwa mtoto, hapo katikati kuna gegedu lenye miguu mitatu, linaloanza kufungana kwenye miaka 14 hadi 16. Kikombe hicho kishikeni, nitakirudia.

Sasa chukua bangili ya plastiki ngumu, ujaribu kuivunja mahali pamoja tu. Huwezi. Basen ni bangili. Ukiona picha ya pubisi iliyovunjika, usifurahi upesi, geuza macho nyuma, kwenye sakrumu na viungo vyake. Mara nyingi kuna ufa wa pili, au ligamenti, kano zinazofunga mfupa kwa mfupa, zimechanika. Mbele, simfizi, yaani kiungo kinachoshika pubisi mbili, ikiachana, basen inafunguka kama kitabu, na mishipa ya vena iliyotandaa mbele ya sakrumu inamwaga damu ndani. Mtu mzima ana lita 5 hivi, na basen iliyofunguka inaweza kuficha sehemu kubwa yake, ngozi ikiwa nzima kabisa.

Kuna atakayesema: "Lakini nikifunga kwenye mabawa ya ilioni, si ninabana basen ileile?" Hapana, baba! Unabana ukingo wa juu na tumbo, na chini simfizi inabaki wazi, hata inaweza kuachama zaidi. Funga usawa wa trokanta kubwa, nundu ya mfupa wa paja iliyo upande wa nje. Nguvu inapita kwenye shingo ya paja, inaingia kwenye kile kikombe, yaani palepale mifupa mitatu ilipokutana, na bangili yote inarudi.

Simameni. Kiganja ubavuni, juu ya paja, geuza vidole vya mguu ndani na nje. Nundu ngumu inayozunguka chini ya kiganja ndiyo trokanta. Majeruhi usimgeuze mguu hivyo, papasa tu, iko karibu usawa mmoja na simfizi. Na tafadhali, usimtikise basen kuona kama inacheza! Damu iliyoanza kuganda unaibandua kwa mikono yako mwenyewe.

Kikwembe ukikunje, kibaki upana wa sentimita 20 hivi. Kipitishe kwenye uwazi wa chini ya magoti, kisha kipandishe taratibu hadi chini ya matako, bila kumbingirisha mtu. Toa kwanza funguo na simu mfukoni, la sivyo zitamkata ngozi palepale trokanta ilipo. Wawili wavute, kila mmoja upande wake, mpaka mapaja yakae kama kawaida, kisha fundo mbele. Msikaze kupita hapo: sakrumu iliyopondwa kwa pigo la ubavuni itapondeka zaidi. Magoti yafungwe pamoja, vidole vya miguu vielekee ndani.

Akusheze, wakunga wetu, naona mnaninunia, muda wenu nimeula. Haraka basi: mlango wa juu wa basen ya mama, anapopita mtoto, upana sentimita 13, mbele hadi nyuma 11 hivi, kati ya miiba ya iskioni, 10 hivi, mlango wa chini, urefu wa mbele hadi nyuma ndio unaoushinda upana. Ndiyo maana mtoto huingia akitazama ubavuni, akatoka akitazama nyuma. Pembe ya chini ya simfizi ni digrii 80 hadi 90, ya mwanaume 50 hadi 60. Mengine siku nyingine.

Haya, kaka wa shati la bluu, lala hapa kwenye mkeka. Simu, kaka. Toa simu mfukoni.