Sahir Ludhianvi: Mwenye Maneno Ni Nani?

ZUHURA: Asalaam aleikum wasikilizaji wetu, karibuni tena. Ni mimi Zuhura, niko na kaka Salim.

SALIM: Waaleikumu salaam, dada. Leo nimekuja na kaseti.

ZUHURA: Ya marehemu mzee?

SALIM: Ya mzee. Unajua alivyopenda picha za Kihindi. Hebu soma alichoandika hapa kwa mkono wake.

ZUHURA: "Rafi".

SALIM: Basi, hakuna zaidi. Na nyumbani zote ziko hivyo, majina ya waimbaji tu: Rafi, Lata, Rafi. Nimekua nazo, nikiimba bila kufahamu ninachosema, wala sikuwahi kuuliza maneno yale katunga nani. Kumbe kadhaa ni za mtu mmoja, mshairi wa Kiurdu, Sahir Ludhianvi.

ZUHURA: Tuanze na jina lake, maana lina utamu kwetu. Wazazi walimwita Abdul Hayee. Alizaliwa tarehe 8 Machi 1921 mjini Ludhiana, Punjab, kwa hiyo Ludhianvi ni mtu wa Ludhiana, kama sisi tunavyosema Mpemba. Sahir ni lakabu aliyojichagulia mwenyewe. Maana yake mchawi. Mzizi wake ni huohuo wa Kiarabu uliotupa "sihiri".

SALIM: Na sihiri hiyo ilitoka kwenye machungu. Baba yake alikuwa tajiri wa mashamba, mwenye wake wengi. Mama yake, Sardar Begum, alimchukua mwanawe akaiacha nyumba ile na mali yote. Mume akaenda mahakamani kumdai mtoto, akashindwa. Mama akabaki na hofu kwamba ataibiwa mwana.

ZUHURA: Mimi siwezi kuzisoma kazi zake bila kumwona yule mama. Kuna wimbo wake katika picha ya *Sadhna* ya 1958, Lata ndiye aliyeuimba. Unasema mwanamke kawazaa wanaume, na wanaume wakamlipa kwa kumpeleka sokoni. Maneno mazito hayo, na yaliimbwa kwenye sinema ya watu wote.

SALIM: Kitabu chake cha kwanza alikiita *Talkhiyan*, yaani Machungu. Alikuwa kijana bado, yuko Lahore anahariri majarida ya fasihi, amekwishaingia kwenye kundi la waandishi wa kimaendeleo.

ZUHURA: Tuwaeleze wasikilizaji kidogo. Chama chao kiliundwa India mwaka 1936. Kiurdu kilikuwa na mashairi ya mapenzi ya karne na karne, ya waridi na bulbuli. Hawa wakasema sawa, lakini na mkulima mwenye njaa naye awemo, na kuli wa bandarini, na mwanamke anayeuzwa.

SALIM: Maandishi hayo ndiyo yaliyomtoa Lahore. India ilipogawanywa mwaka 1947, mji ule uliangukia Pakistan, na mwaka 1949 serikali ikatoa hati akamatwe kwa aliyoyaandika katika jarida la *Savera*. Akakimbilia Delhi, kisha Bombay, ndiyo Mumbai ya leo.

ZUHURA: Na huko Bombay ndiko kwenye jambo lenyewe ninalotaka tukae nalo. Alikuwa na shairi la zamani kuhusu mitaa ya madanguro. Kiitikio chake kinauliza: wako wapi wale wanaousifu utakatifu wa Mashariki? Lakini Kiurdu chake kilikuwa kizito, kimejaa Kiajemi, cha watu wa mabaraza ya mashairi. Mwaka 1957 mwongozaji wa sinema Guru Dutt akalitaka kwa picha ya *Pyaasa*. Sahir akakaa akalilainisha. Kiitikio kikawa: wanaojivunia India, wako wapi?

SALIM: Subhanallah. Hapo mchukuzi wa mizigo naye anaelewa.

ZUHURA: Anaelewa, na linamchoma. Ukali haukupungua hata chembe. Mimi naona uliongezeka, kwa sababu "utakatifu wa Mashariki" ni jambo la wasomi, lakini "India" ilikuwa nchi iliyopata uhuru miaka kumi tu nyuma. Mshairi kwenye ile picha anayumba usiku katikati ya vile vyumba, Rafi anaimba taratibu kabisa, na swali linarudi, linarudi.

SALIM: Muziki ulikuwa wa S. D. Burman. Baada ya picha hiyo wawili hao hawakufanya kazi pamoja tena. Husimuliwa kwamba walivutana juu ya nani aliyeibeba picha, mwenye maneno au mwenye tuni.

ZUHURA: Na ndipo tunaporudi kwenye kaseti yako. Redio ya taifa ya India ilikuwa ikipiga wimbo inamtaja mwimbaji, inamtaja mtunzi wa muziki. Mwenye maneno, kimya. Sahir alipigania mpaka watunzi wa mashairi nao wakaanza kutajwa.

SALIM: Kuna na ile ya rupia moja. Husimuliwa alikuwa akidai alipwe rupia moja zaidi ya Lata Mangeshkar.

ZUHURA: Wengine huita kiburi. Mimi nasema hapana. Sisi wenyewe, nyimbo ngapi za taarabu tunazijua kwa mwimbaji, na aliyekesha akipima mizani na vina hatumjui?

SALIM: Nyingi mno. Lakini dada, nina swali linanisumbua. Ana shairi maarufu kuhusu Taj Mahal, lile kaburi la fahari mfalme alilomjengea mkewe. Anamwambia mpenzi wake: tukutane mahali pengine, hapa mfalme ametumia mali yake kuyakejeli mapenzi yetu sisi maskini. Halafu mwaka 1963 inatoka picha inayoitwa *Taj Mahal*, ya mapenzi ya mfalme yuleyule, na nyimbo kaandika yeye. Tena akapata tuzo ya Filmfare, ile ya sinema za Kihindi!

ZUHURA: Alikuwa anakula kwa kalamu, kaka.

SALIM: Najua, ila inaniuma.

ZUHURA: Nami siwezi kuitetea yote. Lakini zitazame zile nyingine. *Dhool Ka Phool*, 1959, mzee Mwislamu analea mtoto aliyetupwa, anamwimbia: hutakuwa Mhindu wala Mwislamu, wewe mwana wa binadamu, utakuwa binadamu. Ni miaka 12 tu baada ya watu kuchinjana Punjab, kwao hasa.

SALIM: Huo ndio uliomo humu. Upande wa pili, wa kwanza kabisa.

ZUHURA: Na marehemu mzee hakujua maana yake?

SALIM: Hakujua Kiurdu. "Insaan" aliifahamu, akisema ni insani yetu. Machozi yalimtoka kila ulipofika hapo.

ZUHURA: Sahir alifariki Mumbai tarehe 25 Oktoba 1980, kwa moyo, ana miaka 59. Hakuoa. Alizikwa makaburi ya Waislamu ya Juhu. Mwaka 2010 kaburi likaondolewa ili kupata nafasi ya wengine.

SALIM: La Rafi pia, palepale.

ZUHURA: La Rafi pia.

SALIM: Dada, una kalamu hapo? Nipe. Humu ubavuni pana nafasi.