“Pesa Unamalizia kwenye Picha za Mifereji?” Leo Najibu

Karibuni tena. Kwenye komenti swali ni lile lile: “Kaka, uko Marekani, mbona kila siku mifereji na picha kuukuu? Hela za kuchezea unazo?” Najibu leo. Sijisifu, na wala silalamiki.

Naishi Pennsylvania, Bonde la Lehigh, nafanya shifti ya usiku ghalani. Mfereji ninaopita kila siku ulifunguliwa 1829 kubeba makaa ya mawe kutoka Mauch Chunk, mji ambao siku hizi unaitwa Jim Thorpe, hadi Easton, kilomita 74 hivi. Tishari zilivutwa na nyumbu. Nyumbu huyu ni yule mtoto wa punda na farasi, si wa Serengeti.

Ngoja niisogeze kadi hii kwenye kamera. Picha mbili pacha za zamani za mfereji huu, zimekaa bega kwa bega. Ukizitazama kwa kifaa chake zinaungana, unaona kina. Mbao za lango la maji zinahesabika moja moja. Lakini maji yanayomwagika pale ni meupe kama tui, na nyumbu ana masikio manne! Mpiga picha alimwaga kolodioni, dawa nzito inayonata, juu ya kioo, akakichovya kwenye dawa yenye madini ya fedha, akapiga kikiwa kibichi, halafu mbio hadi kwenye hema la giza kabla hakijakauka. Kioo kilitaka sekunde kadhaa kushika mwanga. Kilichotulia kikabaki, kilichosogea kikapotea. Kwa hiyo malango tunayo, ila waliotembea na nyumbu kutwa nzima, wengine watoto wadogo, wamebaki ukungu. Hilo linaniuma.

Kadi hii dola 35 na usafirishaji. Kabla yake nilipigwa: muuzaji aliniuzia nakala kwa bei ya halisi. Ukiweka lenzi ya kukuzia unaona vidoti vya mashine ya kuchapia. Nimedai pesa yangu, kimya hadi leo. Halafu maktaba moja ikanijazisha fomu tatu, na malipo juu, eti chaneli ni biashara, ili niwaonyeshe ninyi picha moja tu. Na wiki hiyo hiyo mtu wa nyumbani ananiita bahili kwa sababu mchango wa harusi ulichelewa. Jamani.

Mnaouliza kama na nyie mkusanye, siwezi kuwaamulia, kila mtu anaujua mfuko wake. Mimi nalipa kodi ya nyumba kwanza. Ila ukinunua, uwe na lenzi.

Jumamosi nina mapumziko. Nitasimama aliposimama mpiga picha huyu, niwaonyeshe lango lilivyo sasa.