Pundamilia Hajachakachuliwa

Kamwene. Ingieni, huku mbele viti vipo, siumi mtu.

Nimeitwa kuzungumzia ukoo wa farasi, na wanaonijua wameshaanza kucheka. Chekeni tu, nitarudia: pundamilia si chotara. Hakuzaliwa na farasi na punda. Punda dume akimpanda farasi jike anazaliwa nyumbu, yule aliyempanda Absalomu kwenye Biblia, si huyu wa Serengeti mwenye ndevu. Majina yamegongana, msinitoe kwenye mada.

Kiswahili kiliona mapema: punda, halafu milia. Hakikusema farasimilia. Vinasaba vikaja kuwaunga mkono wahenga: pundamilia ana undugu wa karibu zaidi na punda kuliko farasi, na babu yao wote watatu aliishi miaka milioni 4 na ushee iliyopita.

Sasa kisa cha kijiji cha Idodi. Najua mmeshaisikia, vumilieni. Njia ya Ruaha, mzee mmoja na mkokoteni wa mahindi, punda kagoma katikati ya barabara. Akaniuliza, "Mwalimu, nikimpandisha huyu kwa dume la pundamilia, si nitapata punda asiyeugua?" Msimcheke. Wakoloni waliuliza hilohilo, farasi wao walipomalizwa na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Tukachuchumaa. Nikachota mahindi kwenye gunia lake, nikapanga chini punje 22, na kando yake punje 31. Pundamilia wa Ruaha ana kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, 44, punda 62, kila mzazi anatoa nusu. Mtoto anatembea na 53, na siku ya kutengeneza mbegu za uzazi kila moja inatafuta mwenzake.

"Haya mzee wangu, zipe wenza."

Akazisogeza mbilimbili kwa kidole chenye ufa wa jembe. Zikabaki 9. Kabla sijafungua mdomo, kuku akaja akadonoa nne. Mzee akamfukuza, akaangalia zilizobaki, akasema, "Basi huyo mtoto atabeba mizigo, lakini hazai." Hapa mjini nafundisha kwa projekta na sijapata jibu kama hilo.

Kuna kijana pale wa baiolojia, naona anajikuna. Anataka kuniambia farasi pori wa Mongolia ana 66, wa kufugwa 64, na mtoto wao mwenye 65 anazaa. Kweli kabisa. Namba peke yake si kesi. Kwa hao tofauti ni ndogo: kinachokaa kwenye kromosomu moja kwa huyu kimegawanyika kwenye mbili kwa yule, kwa hiyo zinatambuana. Za punda na pundamilia zimekatwa na kuungwa upya mahali pengi mno. Na ndiyo, vinasaba vinaonyesha zamani aina hizi zilichanganyika hapa na pale, maana mlango haukufungwa siku moja. Ila kuchanganyika kidogo huko nyuma si sawa na kuzaliwa chotara. Mimi mwenyewe bibi yangu alitoka Ubena, lakini niiteni Mhehe.

Naonyeshwa saa. Kwagga, mwenye milia mbele tu: wa mwisho alifia Amsterdam 1883, na DNA yake ikaja kuonyesha ni pundamilia huyuhuyu wa nyikani. Milia: nzi wanashindwa kutua vizuri, na mbung'o hawaipendi. Hiyo ilitaka jioni nzima, lakini mzee wa Idodi ameimaliza.

Maswali? Wewe mwenye kofia. Kama ni la chotara, kaa.