Spika Bila Kisanduku

Asanteni, kaeni. Mlio mlangoni ingieni tu, viti vya mbele havina miiba.

Nimeombwa nizungumze juu ya kufunga dikoda ya sauti kwenye kichwa cha treni ndogo, tangu kufungua bodi, yaani ganda la nje la kichwa, mpaka kupanga namba za CV, ile mipangilio inayohifadhiwa ndani ya dikoda, yote kwa dakika arobaini. Haiwezekani. Kila nikiombwa hivi huwa nafika kwenye spika, mwenyekiti ananionyesha saa, tunakwenda kunywa chai. Leo nimegeuza. Naanza na spika, na kikibaki kitu tutakimalizia chai ikiwa mkononi.

Kwamba reli zetu zina umeme wa kidijitali, kwamba kila kichwa kina namba yake na dikoda iliyo tumboni ndiyo inayosikiliza amri, hayo siyasemi. Asiyejua amuulize jirani yake.

Hii hapa ni spika. Walio nyuma hamuioni, na ndiyo kawaida yake: milimita 11 kwa 15. Huku Uingereza huziita vipande vya sukari, na kweli ukiidondosha kwenye sahani ya chai unaweza kuikoroga. Nimeiunganisha na dikoda hii mezani, na ndani ya dikoda kuna sauti ya Class 37, ile dizeli ya Waingereza. Naishika hewani kwa vidole viwili. Nawasha. Nyamazeni kidogo.

Mnasikia nini? Mbu. Mbu mwenye mafua.

Sasa hiki ni kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi. Nimekichonga kidogo ili spika ikae mdomoni mwake. Naizungushia ule udongo wa bluu wa kubandikia picha ukutani, nabonyeza kingo pande zote. Sauti sijaigusa. Dikoda ni ile ile, namba ni zile zile. Sikilizeni.

(Kicheko, makofi.)

Msinipigie makofi mimi, kipigieni kifuniko. Kimegharimu kikohozi kimoja.

Kilichotokea ni hiki. Ngozi ya spika ikisukuma hewa mbele, papo hapo inaivuta nyuma. Mbele hewa imebanwa, nyuma imelegea. Ukiiacha uchi, hewa ya mbele inazunguka ukingo na kwenda kuziba pengo la nyuma, na zote mbili zinauana kabla hazijafika sikioni mwako. Sauti nyembamba zinaponyoka kwa sababu mapigo yake ni ya haraka. Sauti nzito, zile zinazofanya dizeli iwe dizeli, ndizo zinazokufa kwanza. Kisanduku kazi yake ni kuifungia hewa ya nyuma ndani isije ikaharibu kazi ya hewa ya mbele. Basi. Hakuna uchawi.

Ndiyo maana husema spika bila kisanduku ni ngozi ya ngoma bila mzinga. Namuona mhandisi wetu pale anatikisa kichwa, na najua atakachosema: mzinga wa ngoma unaitikia mlio, na kisanduku cha spika hakiitikii, kinazuia tu. Sawa, mzee wangu, umeshinda. Lakini hakuna mtu aliyewahi kupeleka ngozi tupu kwenye arusi, na kila mwezi naletewa kichwa kilichofungwa dikoda ya pauni mia na ushei, spika imebandikwa uchi juu ya mota kwa gundi ya pande mbili, na mwenyewe analalamika kwamba dikoda ni mbovu.

Najua habari hiyo kwa sababu nami niliifanya.

Nimekulia Nakuru, kwenye nyumba za reli. Baba alikuwa mkaguzi wa mabehewa, yule mtu wa nyundo ndefu anayegonga magurudumu. Kuanzia 1960 Reli ya Afrika Mashariki ililetewa dizeli za English Electric, daraja la 90, na hizo ndizo zilizoniamsha utotoni, si jogoo. Usiku zinasimama stesheni zikinguruma tu, taratibu, na vikombe kabatini kwa mama vinagusanagusana. Zikianza kuvuta kupanda bonde, ule mngurumo unapanda, halafu juu yake kunatoka mluzi mwembamba wa turbo.

Nikaja huku. Siku moja, mwaka wangu wa kwanza, nimesimama kwenye jukwaa la stesheni na baridi yangu, ikapita treni ya mizigo, na mbele yake kichwa ambacho sijawahi kukiona maishani. Lakini nilikuwa nimekwisha kukisikia. Nywele zilisimama. Nilikuja kujua baadaye kwamba ile ilikuwa Class 37, moja kati ya 309 zilizojengwa kati ya 1960 na 1965, na kwamba ndani yake mna injini ya English Electric ya silinda 12, aina ile ile ya 12CSVT iliyokuwa kwenye 90 zetu. Waingereza wanaziita matrekta. Mimi naziita vikombe vya mama.

Kwa hiyo mtanisamehe nikiwa mkali kwenye jambo hili. Nilipopata pesa kidogo nilinunua modeli ya 37 ya kipimo cha OO, ya mtumba, na dikoda ya sauti mpya kabisa. Nilifunga usiku kucha. Spika nikaibandika juu ya mota kwa sababu pale ndipo palipokuwa na nafasi, na kile kijisanduku cha plastiki kilichokuja nayo, vipande vinne vya kupachika, nilikitupa nikidhani ni vya kuilinda isivunjike njiani. Alfajiri nikaiweka relini, nikabonyeza F1, kitufe cha kuwasha sauti. Mke wangu alikuwa anapita na kikapu cha nguo. Akasimama, akasikiliza, akaniuliza, “Umenunua treni au cherehani?”

Nilikaa na cherehani hiyo miezi minane. Nilibadilisha CV zote ninazozijua na nyingine nisizozijua. Nilikuwa karibu kuiuza. Siku moja nimeifungua kwa ajili ya kupaka mafuta, spika ikabanduka, ikaangukia kwenye kopo tupu la vidonge. Ilikuwa imewashwa. Iliangukia mdomoni, uso juu, ikakaa kama imepimwa.

Nilimwita mke wangu kutoka jikoni. Hakuja, lakini hilo ni jambo lingine.

Sasa hoja ninayoisikia kila mara: “Mzee, mimi naongeza volyumu tu.” Hebu tufanye hesabu. Injini ya kweli ya 37 ikienda mizunguko 850 kwa dakika, kila silinda inawaka mara moja kwa mizunguko miwili. Silinda 12, kwa hiyo miwako sita kwa mzunguko, 5,100 kwa dakika, 85 kwa sekunde. Huo ndio mngurumo wenyewe, mapigo 85 kwa sekunde. Kipande cha sukari hakiwezi kupiga mapigo mazito namna hiyo hata ukikiombea dua. Kinachoweza kutoa ni ndugu zake wa juu, mara tatu, mara nne, mara tano ya hayo, na sikio la binadamu, kwa ukarimu wake, likiwasikia hao ndugu linamjazia baba yao asiyekuwepo. Ndivyo tunavyodanganywa, na ni udanganyifu mtamu. Lakini ndugu hao nao wakifa kwa sababu ya ule uchi wa spika, sikio halina cha kujazia. Ukiongeza volyumu unamwongezea nguvu mbu.

Na kwa nini mnataka makelele, kwani? Kipimo cha OO ni 1 kwa 76. Ukisimama mita moja kutoka kwenye kichwa, ni kama umesimama mita 76 kutoka kwenye kile cha kweli. Kwa umbali huo dizeli haikupigi kofi, inakunong'oneza kifuani. Nikishamaliza kufunga, mimi hushusha volyumu mpaka nusu. Watengenezaji wa dikoda ESU wanaiweka kwenye CV 63, wenzao Zimo kwenye 266. Shusheni. Wenye nyumba watawapenda.

Hoja ya pili: “Nafasi hakuna.” Hii naiheshimu kidogo. Kwenye 37 ipo, tangi la mafuta katikati ya magurudumu mara nyingi ni tupu au lina uzito tu. Kwenye kichwa kidogo cha stesheni kama Class 08 ni kazi ya subira. Lakini fungueni macho. Ndani ya kibanda cha dereva, chini ya dari, kuna hewa ambayo hakuna anayeitazama. Injini ya mvuke yenye tenda, lile behewa la makaa na maji nyuma yake, basi tenda nzima ni kisanduku, makaa ni ya kupaka rangi tu juu yake. Unaweza kutoa kipande cha risasi cha uzito upate nafasi, ila pima kwanza: kichwa chepesi huteleza magurudumu na kushindwa na mabehewa sita. Na kisanduku si lazima kiwe cha mraba. Nimekwisha kuvijenga kwa vipande vya kadi ya benki iliyokwisha muda, vimekatwa kwa mkasi, vikafuata umbo la bodi kama viatu vya kupimiwa. Kikubwa ni bora kuliko kidogo, lakini kidogo kilichozibwa ni bora kuliko kikubwa kinachovuja.

Kuvuja. Hapo ndipo wengi waliojenga kisanduku vizuri wanapoharibu. Nyaya mbili za spika zinapita wapi? Kwenye kitundu. Kitundu mmekiziba? Mnaniangalia tu. Tundu la sindano linatosha kukurudisha nusu ya njia kwa mbu, na juu ya hapo linaongeza mlio wa kukwaruza, mtu anasema spika imepasuka. Tone moja la gundi, au udongo wa bluu ukiwa mvivu kama mimi. Halafu funga bodi, washa, na upapase kwa kidole: dirisha linalotikisika, ngazi iliyolegea, vyote hivyo vitaimba pamoja na injini. Dirisha la kibanda cha dereva kwenye 37 yangu lilikuwa linazomea kila nikipiga honi. Nililidhania dikoda kwa wiki mbili.

Naona saa. Ndiyo, mwenyekiti, nimeona.

Basi upesi. Jambo linaloua dikoda si spika, ni mota, na nimelisema mpaka mate yamekauka. Kwenye vichwa vya zamani, kaboni moja ya mota, kile kipande kinachoipelekea umeme, inagusa chesisi, na chesisi inagusa reli. Mota lazima itengwe kabisa: umeme wa reli uingie kwenye dikoda, utoke kwenye dikoda kwenda kwenye mota, bila njia ya mkato. Kabla ya kulehemu chochote, chukua mita ya umeme, weka kwenye mlio, ncha moja kwenye kaboni, nyingine kwenye gurudumu. Halafu kaboni ya pili. Halafu chesisi. Ikilia mahali popote, simama. Usiseme “labda ni kidogo tu”. Dikoda haijui kidogo. Utasikia harufu, na harufu hiyo hairudi ndani. Kuna kijana hapa anacheka kwa uchungu, anaijua.

Rangi za nyaya: mwekundu reli ya kulia, mweusi reli ya kushoto, wa chungwa na wa kijivu kwenye mota, mweupe taa ya mbele, wa njano taa ya nyuma, na wa bluu ndio chanya wa taa zote. Wa bluu usiugusishe na chesisi hata kwa utani. Taa za LED, mguu mrefu kwenye bluu, na rezista ya kilo-omu moja ipite njiani, la sivyo unanunua nyingine. Kichwa chenye soketi ya pini 8 au 21, hayo yote yamekwisha kufanywa kiwandani, unachomeka tu, lakini hata hapo angalia pini namba moja iko upande gani. Kila kiungio ukivike mrija unaonywea kwa joto. Tepu ya umeme ya kawaida hapana, joto la dikoda linaiyeyusha gundi na baada ya mwaka unakuta imejivua.

Spika mbili? Ukinzani wa omu nane na nane kwa mfuatano ni 16, sambamba ni nne. Someni karatasi ya dikoda inaruhusu ngapi. Zile za zamani za omu 100 msizichanganye na hizi.

Kapasita ya kushikilia umeme kwenye reli chafu... hapana, hiyo ni siku nyingine. Na CV za kupatanisha mapumuo ya injini ya mvuke na magurudumu, aliyeniuliza kuhusu Garratt ya daraja la 59, hiyo nayo siku nyingine kabisa, kwa sababu Garratt ni injini mbili chini ya boila moja na mapigo yake yanapishana na kukutana, na dikoda nyingi hupiga kama ni moja. Nikianza hapo hatunywi chai.

Mwenye kichwa kilicho wazi akilete mezani sasa hivi, na mwenye mita aje nayo, yangu betri imekwisha. Vifuniko vya dawa ninavyo kumi na vinne. Msigombanie.