Kukonda sio lazima: ukuaji wa watoto wenye mtindio wa ubongo

Haya wazazi, sogeeni mbele maana maiki inakatakata.

Kuna kauli mnaambiwa kila mahali, eti mtoto wa CP, yaani mwenye mtindio wa ubongo, lazima awe mwembamba. Jamani hapana! Ni kweli wengi wanakuwa wafupi na wepesi kuliko wenzao, na sehemu ya hilo inatoka kwenye ubongo wenyewe na miguu isiyobeba uzito, lakini kukonda kwingi ninakokuona ni njaa. Mtoto hatafuni vizuri, ulimi unasukuma chakula nje, anapaliwa, hawezi kusema bado sijashiba, mama kahangaika naye wee na nusu ya uji iko kifuani, halafu tunasema ndo ugonjwa wake. Milo ikizidi dakika 30 kila siku, hiyo ni dalili, waambieni kliniki.

Mnasema hapimiki kwa sababu hasimami. Mbebe, kisha upande naye kwenye mzani, halafu panda peke yako, toa uzito wako, unaobaki ni wa mtoto. Urefu tunapima goti mpaka kisigino kwa sentimita, zidisha kwa 2.69, jumlisha 24.2, hayo ni makadirio kwa walio chini ya miaka 12.

Kumlisha amelala kichwa nyuma acheni kabisa, chakula kinaingia mapafuni ndo hizo nimonia zisizoisha. Mkalishe wima, kidevu kiiname kidogo, uji uwe mzito, tia karanga zilizosagwa, mafuta, parachichi, yaani kijiko kidogo kibebe nguvu nyingi. Na wanaotumia fenobabitoni za kifafa muulizeni daktari habari ya vitamini D, hizo dawa zinadhoofisha mifupa.

Sasa hili mnalonong'ona, kubalehe. Mwili mdogo usiwadanganye. Utafiti wa Marekani wa 2002 ulikuta watoto wa kizungu wenye CP wanaanza dalili mapema kidogo ila wanachelewa kumaliza, hedhi ya kwanza kwenye miaka 14 hivi, wenzao 12.8. Kwa hiyo binti aelezwe kabla, hata asiyeongea anaelewa mengi kuliko tunavyodhani, na mkubaliane nyumbani nani anamwogesha na nani anambadilisha pedi, sio kila jirani. Akirefuka ghafla mgongo nao unaweza kupinda haraka, mpelekeni aangaliwe mgongo na nyonga hata kama halalamiki maumivu.

Maswali? Mama wa kanga ya kijani, anza wewe.